Aliyepiga Mtu Akidhani Ni Mnyama, Adaiwa Nini?

Liko swali ambalo watu hulijadili kila msiba wa namna hii unapotokea, nalo halijapata jibu la kuwaridhisha wote. Mtu ametoka nyumbani kwake kwenda kuwinda. Hana ugomvi na mtu yeyote. Ameona kichaka kikitikisika, amelenga, bunduki imelia. Naye alipokimbilia mawindo yake alimkuta jirani yake amelala katika damu. Je, mtu huyo ahesabiwe kuwa mwuaji? Au ahesabiwe kuwa mtu aliyepatwa na bahati mbaya, kama yule aliyeanguka kutoka mtini? Na ikiwa mahali pake ni katikati ya hayo mawili, adhabu yake ipimwe kwa kipimo gani, na jamaa za marehemu wapewe nini?

Katika nchi zetu za Shinyanga na Geita swali hili si la vitabuni tu. Zamani za ukoloni vichaka vingi vya Usukuma vilikatwa ili kuwafukuza mbung'o, hata mahali pengine pakabaki wazi kama kiganja cha mkono. Kisha tangu mwaka 1986 kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa jina la HASHI, iliwahimiza watu wairudishe desturi ya ngitili, yaani malisho yanayotengwa ili majani na miti ipate kumea tena. Vichaka vimerudi, na ndege na wanyama wadogo wamerudi pamoja navyo. Hilo ni jambo la kushukuru. Walakini kichaka kile kile ambamo sungura na kwale hujificha, ndicho ambamo mwanamke huingia kukata kuni, na mtoto huingia kumtafuta mbuzi aliyepotea. Upande wa Geita watu hukesha mashambani kuilinda mihogo na mahindi wasije nguruwe mwitu wakaifukua. Na usiku usio na mwezi, mtu aliyeinama na nguruwe aliyeinama si rahisi kupambanuliwa. Tena bunduki ya maskini ni gobore, kazi ya mhunzi wa kijijini, ambalo hushindiliwa baruti na vipande vya chuma. Likilia, hutawanya vipande vyake upana kuliko alivyotaka mpigaji. Na pengine hulia kabla hajataka.

Babu zetu walijua ya kuwa kuwinda ni kazi ya hatari inayotaka sheria. Wasukuma walikuwa na chama cha wawinda nungunungu, Banunguli, nacho kilikuwa na mafundisho na masharti yake. Mtu hakujiingilia tu kwa sababu ana mkuki. Basi na tulitazame swali letu kwa uangalifu, kama watu wanaojua ya kuwa lugha ya hasira na lugha ya udugu zote mbili hupotosha hukumu.

Baada ya msiba husikika sauti mbili. Sauti ya kwanza husema: Ajali haina kinga. Mtu huyu hakukusudia, analia kuliko sisi, mwacheni aende zake. Sauti ya pili husema: Damu ni damu. Mtoto wetu amekufa, wala kukusudia au kutokukusudia hakutamfufua. Basi naye afe, au afungwe maisha. Ukichunguza utaona ya kuwa sauti ya kwanza aghalabu ni ya jamaa za mpigaji, na sauti ya pili ni ya jamaa za marehemu. Na kama risasi ingaligeuka, watu hawa wangalibadilishana maneno kama wabadilishanavyo viti. Neno linalogeuka kwa kufuata ukoo wa msemaji haliwezi kuwa haki. Hatuna budi kutafuta neno ambalo baba wa marehemu na baba wa mpigaji wote wawili wangelikubali kabla hawajajua bunduki italia upande gani.

Sheria ya nchi yetu haikufuata sauti yoyote kati ya hizo mbili. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kama vyumba vitatu. Chumba cha kwanza ni cha kuua kwa kukusudia, na adhabu yake yafika kifo. Chumba cha pili ni cha kuua bila kukusudia, yaani kumsababishia mtu kifo kwa tendo lisilo halali, au kwa uzembe wa kuacha jambo ambalo lilimpasa mtu kulitenda kwa ajili ya usalama wa mwenzake. Na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha, ingawa hakimu aweza kuipunguza sana. Chumba cha tatu ni cha ajali iliyo ajali kweli: mtu hahukumiwi kwa jambo lililotokea pasipo mapenzi yake, isipokuwa pale sheria inaposema juu ya uzembe. Kwa hiyo mwindaji asiye na chuki aweza kuingia chumba cha pili au cha tatu. Na kati ya kifungo cha maisha na kwenda nyumbani siku hiyo hiyo pana nafasi pana mno. Ni nini kimfanye mtu awekwe mahali hapa na si pale?

Tuseme wako wawindaji watatu. Wa kwanza alitoka mchana, akamwona mnyama wazi kwa macho yake, nyuma yake hapakuwa na njia wala shamba. Akapiga, risasi ikagonga jiwe, ikageuka, ikampata mtu aliyekuwa amelala nyuma ya kichuguu. Wa pili hakumwona mnyama. Aliona majani yakitikisika, akayapiga majani. Wa tatu alikuwa amekunywa pombe, na usiku ulikuwa umeingia, naye akapiga kuelekea njia ya kisimani, ambayo aijua tangu utoto wake. Wote watatu wameua. Wote watatu hawakuwa na chuki. Wote watatu wanalia machozi ya kweli.

Tukiupima kwa maiti msiba huo, wote watatu watapata adhabu moja, maana maiti ni mmoja kwa kila mtu. Tukiupima kwa chuki, wote watatu wataachwa, maana hakuna aliyechukia. Lakini hakuna mtu mwenye akili ambaye angewaweka watu hawa watatu katika safu moja. Kipimo kilichobaki ni hiki: kabla ya kufyatua, mtu huyu alijua nini, ilimpasa ajue nini, na kungoja kungemgharimu nini? Yule wa pili angengoja dakika moja mpaka mnyama atoke, hasara yake ingekuwa pongo mmoja. Mtu akipima uhai wa jirani yake na kitoweo cha siku moja, kisha akachagua kitoweo, hana haki ya kusema ya kuwa ajali haina kinga. Mithali hiyo ni ya mwindaji wa kwanza. Wa pili ameiazima, na wa tatu ameiiba.

Walakini yuko mwindaji wa nne, naye atusumbua kuliko hao wote. Huyu naye aliona majani yakitikisika, akayapiga majani bila kujua ni nini kilichomo. Akaua pongo. Akaileta nyama nyumbani, majirani wakala, wakamsifu kwa shabaha yake. Moyo wake na moyo wa yule wa pili ni sawasawa. Uzembe wao ni mmoja. Kilichowatenga ni kitu kilichokuwa nyuma ya majani. Je, ni haki mmoja aende gerezani na mwingine afanyiwe karamu?

Wengine hujibu ya kuwa hukumu haiwezi kuchungulia kila kichaka, bali hungoja madhara. Hilo ni kweli, lakini halitoshi. Mfano huu watufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba yatupasa kumhurumia yule wa pili, kwa sababu alitenda jambo ambalo wengi wametenda mbele ya macho yetu nasi tukawasifu. La pili ni kwamba yatupasa kumkemea yule wa nne, wakati ule ule nyama inapogawanywa, kabla hajawa yule wa pili. Sisi tuliokula nyama ya risasi iliyopigwa upofu tuna sehemu yetu katika desturi iliyomwua mtoto. Kijiji kinachongoja maiti ili kikasirike kimechelewa.

Sasa na tutazame sheria za kale zilizolishughulikia jambo hili. Wasomaji wa Agano la Kale wajua habari ya miji sita ya makimbilio iliyotengwa katika Israeli, mitatu ng'ambo hii ya Yordani na mitatu ng'ambo ile. Mfano uliowekwa katika Kumbukumbu la Torati ni wa watu wawili waliokwenda mwituni kukata miti. Shoka likachomoka mpinini likampata mmoja akafa. Huyo mwingine aliruhusiwa kukimbilia mji mmojawapo ili jamaa ya marehemu asimwue katika moto wa hasira. Lakini kufika mjini hakukuwa kuachwa huru. Kwanza ilichunguzwa kama alikuwa na chuki zamani. Na aliyeonekana kuwa mwuaji wa kweli alitolewa. Na aliyeonekana hakukusudia alilazimika kukaa katika mji ule mpaka kifo cha kuhani mkuu, mbali na shamba lake na nyumba yake. Wala hakuweza kutoa fedha ili arudi mapema.

Mambo matatu yanastahili kuangaliwa hapo. Sheria ile ilimkinga mtu na kisasi. Pia ilimtoza kitu ijapokuwa hakukusudia, kwa kuwa mtu amekufa kwa mkono wake, na jambo hilo si dogo. Tena ilimzuia tajiri asinunue njia ya kurudi ambayo maskini hawezi kuinunua. Nasi leo twaweza kuihukumu kila sheria ya ajali kwa maswali hayo hayo: je, yazuia kisasi? je, yauheshimu uhai uliopotea? je, ni moja kwa mwenye ng'ombe mia na kwa asiye na kuku?

Desturi za zamani za makabila mengi ya nchi hii zilikuwa na njia nyingine. Aliyeua aliwalipa jamaa za marehemu ng'ombe, na mara nyingi ukoo wake wote ulimchangia. Watu wa siku hizi pengine huicheka desturi hii wakisema ya kuwa uhai haununuliwi. Lakini wazee hawakudhani ya kuwa wananunua uhai. Walijua ya kuwa aliyekufa alikuwa akilima, akichunga, akilisha watoto. Na ya kuwa kesho yake asubuhi watoto wale watataka kula. Jambo hilo mahakama ya leo huweza kulisahau. Humfunga mpigaji miaka kadhaa, naye akiwa gerezani watoto wake wana njaa, na watoto wa marehemu wana njaa vile vile. Nyumba mbili zimebomoka mahali pa moja, wala hakuna aliyepata debe la mtama kwa kifungo kile.

Walakini desturi ile nayo ilikuwa na kasoro. Ilikuwa rahisi kwa mwenye mifugo mingi na nzito kwa maskini. Tena mara nyingi haikuuliza sana juu ya uzembe: aliyeangalia na asiyeangalia walilipa ng'ombe wale wale, na mlevi akiwa na ukoo tajiri alikunywa tena mwezi uliofuata.

Basi hili ndilo ninalotaka kulisema: aliyeua mtu kwa bahati mbaya mwituni ana madeni mawili, nayo hayapasi kuchanganywa. Deni la kwanza ni kwa sheria, yaani kwa watu wote, nalo hupimwa kwa uzembe wake. Uzembe ukiwa mkubwa, deni ni kubwa. Uzembe usipokuwapo, deni hilo halipo kabisa, ijapokuwa msiba ni mkubwa. Deni la pili ni kwa waliofiwa, nalo hupimwa kwa hasara yao na kwa uwezo wake, na lapasa kulipwa hata kama hakimu amemwona hana hatia. Mahakama ikilipa la kwanza tu, yatima wanadhulumiwa. Wazee wakilipa la pili tu, kijiji kizima kinaachwa chini ya bunduki za wazembe. Na mtu akitumia la pili ili kulifuta la kwanza, yaani akitoa ng'ombe ili polisi wasipate habari, hayo si mapatano tena, ni kununua kesi.

Sheria yetu inazo njia za kulipa deni la pili. Mahakama ikimtia mtu hatiani yaweza kumwamuru amlipe fidia aliyedhurika. Na iko sheria nyingine iwaruhusuyo wategemezi wa marehemu kumdai katika kesi ya madai yule aliyesababisha kifo kwa kosa lake. Lakini njia ya kwanza yangoja mtu atiwe hatiani, na njia ya pili yataka nauli, karatasi na subira ambayo mjane wa kijijini hana. Kwa hiyo aghalabu deni hilo hubaki mikononi mwa dhamiri ya mpigaji na ya ukoo wake.

Mtu ataniuliza: Ikiwa hana hatia, kwa nini alipe? Je, si dhuluma kumtoza asiyekosa? Nitajibu kwa hadithi mbili za watu wa zamani.

Herodotus, mwandishi wa Wayunani, asimulia habari za Adrastus, aliyekimbilia kwa mfalme Croesus wa Lydia baada ya kumwua ndugu yake bila kukusudia. Mfalme akampokea, kisha akamkabidhi mwanawe Atys waende pamoja kuwinda nguruwe mwitu mkubwa aliyeharibu mashamba ya watu. Adrastus akamtupia nguruwe mkuki, akamkosa, akampata Atys. Mfalme alimsamehe. Lakini Adrastus hakuweza kujisamehe. Akajiua juu ya kaburi la kijana yule. Hapa hapakuwa na mahakama iliyomdai kitu, wala baba aliyemdai kitu. Na mtu yule aliangamia kwa sababu hapakuwa na njia yoyote ya kulipa alichojiona anadaiwa.

Hadithi ya pili ni ya George Abbot, Askofu Mkuu wa Canterbury katika Uingereza. Mwezi wa Julai mwaka 1621 alikuwa akiwinda katika shamba la wanyama la Bramshill, na mshale wake uliokusudiwa paa ukampata mtunza wanyama, Peter Hawkins, ukamkata mshipa wa damu mkononi, akafa. Uchunguzi ulisema ni bahati mbaya, na ya kuwa marehemu mwenyewe alipita mahali pa hatari. Walakini wengine walinong'ona kama mtu mwenye damu mikononi aweza kubaki askofu, na mapadre waliochaguliwa kuwa maaskofu walikataa kuwekewa mikono naye. Mfalme James alimpa msamaha mwaka ule ule. Lakini Abbot hakuona ya kuwa msamaha umemaliza jambo. Alimwekea mjane pauni 20 kila mwaka, na kila mwezi alifunga siku moja ya Jumanne mpaka kufa kwake. Hakuna hakimu aliyemwamuru. Alijua tofauti kati ya kutokuwa na hatia na kutokuwa na deni.

Kwa hiyo nasema ya kuwa kulipa si dhuluma kwa asiyekosa. Ni njia anayopewa ya kurudi kati ya watu. Mtu aliyemlimia mjane shamba kwa misimu mitatu aweza kupita mbele ya nyumba yake bila kuinamisha kichwa. Lakini mtu aliyeachwa huru na karatasi ya mahakama tu huzunguka njia ya mbali maisha yake yote.

Liko jambo jingine katika haki hii, nalo ni usawa kati ya wakubwa na wadogo. Nchini Kenya, mwezi wa Mei mwaka 2006, Bwana Tom Cholmondeley, wa ukoo wa Delamere wenye mashamba makubwa karibu na Naivasha, alikutana katika shamba lao la Soysambu na watu waliokuwa wakiwinda bila ruhusa, wenye mbwa. Alipiga bunduki, na fundi wa mawe aliyeitwa Robert Njoya akafa. Cholmondeley alisema ya kuwa aliwalenga mbwa. Mwaka uliotangulia, yaani 2005, alikuwa amempiga na kumwua askari wa wanyamapori, Samson ole Sisina, katika shamba hilo hilo, akisema alimdhani mnyang'anyi. Na kesi ile iliondolewa na Mwanasheria Mkuu, watu wakanung'unika sana. Katika kesi ya Njoya alishitakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikamwona ameua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miezi minane, baada ya kukaa rumande karibu miaka mitatu. Jaji alitaja ya kuwa alijaribu kumsaidia majeruhi.

Sitaki kuirudia kazi ya jaji. Miaka mitatu ya rumande si kitu kidogo. Lakini na tujiulize neno moja: kama fundi wa mawe angalilenga mbwa wa tajiri akamwua tajiri, je, kesi ingalikwenda njia ile ile, na ingaliishia miezi ile ile? Ikiwa moyo wako wajibu hapana, basi umegundua ya kuwa pamoja na vile vyumba vitatu vya sheria kuna mlango wa nyuma usioandikwa kitabuni. Wala jambo hilo si la Afrika peke yake. Mwezi wa Februari mwaka 2006 Makamu wa Rais wa Marekani, Dick Cheney, akiwinda kwale huko Texas, alimpiga mwenzake mzee, Harry Whittington, usoni na kifuani kwa marisau. Mzee yule alipona. Wenye sheria wa mahali pale walisema ni ajali, na hapakuwa na mashitaka. Cheney alikiri hadharani ya kuwa ndiye aliyefyatua. Lakini ajabu ni hili, ya kuwa alipotoka hospitali, aliyepigwa ndiye aliyesema anasikitika kwa taabu iliyompata mpigaji na jamaa zake. Huenda ulikuwa ukarimu wa moyo. Lakini yatuonyesha jinsi ukubwa wa mtu uwezavyo kuupindua msiba, hata aliyejeruhiwa akawa kama mwenye deni.

Turudi kwetu. Katika nchi ya dhahabu, Geita na Kahama, watu wa makabila mengi wamekusanyika. Mpigaji atoka Ukerewe, marehemu atoka Kigoma. Hawana wazee wa pamoja wala ukoo wa kuchangia ng'ombe. Hapo desturi peke yake haitoshi, na sheria ya serikali ni ukuta wa kila mgeni. Walakini wachimbaji wanalo somo wanaloweza kutufundisha sisi wakulima. Mtu akichimba duara akaliacha wazi kando ya njia, au akaingiza vijana chini bila matimba ya kuzuia udongo, kisha mtu akafa, hakuna mchimbaji mwenye haya atakayesema tu ni mapenzi ya Mungu. Sheria ya Musa nayo ilimtoza aliyeliacha shimo bila kifuniko, ng'ombe wa mwenzake akatumbukia. Bunduki iliyoshindiliwa ni shimo lililo wazi, na mwenye kuichukua huchukua shimo lile kila aendako.

Tena iko hatari ya pili katika nchi yetu, nayo ni kumtafuta mchawi. Watu wasiporidhika na hukumu, au wasipoelewa jinsi jambo lilivyotokea, huenda kwa mganga kuuliza ni nani aliyempumbaza mwindaji macho. Sote twajua mara nyingi kidole huelekea wapi: kwa bibi kizee asiye na mtetezi, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Vikongwe wengi wa Usukuma wameuawa kwa shutuma za namna hiyo. Hivyo uzembe wa mtu mmoja mwenye bunduki humwua mtu wa pili ambaye hata hakuwa mwituni. Tukisema wazi ya kuwa mtu amekufa kwa sababu fulani alipiga asichokiona, tunamwokoa bibi kizee yule. Hukumu ya wazi, iliyotolewa mbele ya watu na kwa sababu zilizoelezwa, huziba mlango wa mganga.

Liko neno moja tena juu ya sheria. Mwenye gobore lisilo na kibali ajua ya kuwa kuwa nalo ni kosa kubwa, na kuwinda bila leseni ni kosa jingine. Akimpata mtu kwa bahati mbaya, hofu ya makosa hayo humshika kuliko huruma, naye hukimbia. Na aliyejeruhiwa, ambaye pengine angalipona, hufa kwa kutokwa damu. Makosa ya bunduki na leseni yapasa kuadhibiwa, lakini yahesabiwe peke yake, yasimgeuze asiyekusudia kuwa mwuaji. Na aliyebaki, akafunga jeraha, akapiga kelele, akambeba majeruhi mpaka zahanati, kisha akajipeleka kwa mtendaji wa kijiji, apewe nafuu kubwa. Aliyekimbia aongezewe; kwa maana kukimbia kwake hakukuwa ajali, alikukusudia. Na wenye magobore wasingoje msiba. Serikali imepata kutangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, kama ilivyofanya mwaka 2022.

Sasa kijiji kifanye nini? Kabla ya msimu wa kulinda mashamba, mkutano wa kijiji ukubaliane saa ambazo hakuna mtu atakayepita katika mashamba yanayolindwa, na ngitili ambazo hakuna atakayepiga ndani yake kamwe kwa sababu watoto huchunga humo. Iwekwe kanuni moja ambayo kila mtoto wa shule aijue kwa moyo: usipige usichokiona, wala usipige usipojua kilicho nyuma yake. Msiba ukitokea, sungusungu wamlinde mpigaji asipigwe, na waache bunduki na mahali penyewe kama palivyo mpaka polisi wafike. Wazee wa pande zote mbili wakutane juu ya watoto wa marehemu, nani atalima shamba lao, nani atalipa mahitaji yao ya shule. Na mapatano yao yaandikwe, tena yapelekwe mbele ya hakimu, ili aone deni la pili limeanza kulipwa, yeye apime la kwanza.

Wasomaji wenzangu, najua ya kuwa yupo atakayesema nimekuwa mwepesi kwa mwuaji, na yupo atakayesema nimekuwa mgumu kwa mtu aliyepatwa na balaa. Kila mmoja wao na afanye jambo moja kabla ya kuniandikia: ajiweke kwanza katika nafasi ya baba wa aliyepigwa, kisha katika nafasi ya baba wa aliyepiga, na aseme neno atakalolikubali katika nafasi zote mbili.